Imani yangu, kanisa la nani?

Shangazi yangu alizikwa na mwinjilisti mmoja aliyekuja peke yake, bila joho. Kengele haikupigwa, kwaya haikuja, na jeneza halikuingizwa kanisani. Asubuhi ya siku hiyo mzee wa kanisa alikuja msibani na daftari lenye jalada gumu. Akaketi mkekani pamoja nasi, akatoa pole, kisha akalifungua na kuyafuata majina kwa kidole mpaka akafika kwenye namba ya bahasha ya sadaka ya marehemu. Kwa miaka miwili mstari ule ulikuwa mtupu.

Kaka yangu alimwambia, "Mzee, mama huyu alikuwa kitandani muda wote huo. Bahasha angeileta nani?"

Mzee akajibu kwa upole, na mpaka leo naamini hakuwa na ubaya moyoni: "Najua, mwanangu. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Shangazi aliamka saa kumi alfajiri kila siku kuomba. Tulipokuwa watoto tukilala kwake, tulimsikia nyuma ya pazia akinong'ona, akitutaja mmoja mmoja kwa majina, hata wale waliomkosea. Mtu wa namna hiyo akanyimwa kengele. Tangu siku ile binamu yangu, mtoto wake wa pili, hajaingia kanisani. Ukimuuliza anasema, "Mimi na Mungu wangu tunaelewana. Kanisa ni la kwao."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wengi: kwa vijana waliochoshwa na michango isiyokwisha, kwa akina mama waliotengwa kwa makosa ambayo wanaume walioshirikiana nao hawakuulizwa hata siku moja, kwa wasomi waliokuta kwamba Biblia wanayoisoma nyumbani inasema zaidi ya mahubiri wanayopewa Jumapili. Siwezi kuyapuuza, kwa sababu yametoka kwenye jeraha la kweli. Lakini nataka kuyapima. Je, imani ya mtu inaweza kusimama bila kanisa lenye mamlaka juu yake? Na kama haiwezi, mamlaka hayo yawe ya namna gani ili yasimfanyie mtu kama walivyomfanyia shangazi? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika nchi zetu watu wameliishi swali hili kwa karibu miaka mia moja, na waliolibeba walijiita ndugu. Wengine waliwaita walokole, kutoka neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka.

Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Hospitali yake ilikuwa Gahini, mashariki mwa Rwanda, mahali palipokuwa pametoka kupigwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda waliipa jina, Rwakayihura. Kwenye kilima cha Namirembe alimkuta Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na cheo na mali ya kumtosha, amesimama kando ya pikipiki yake. Nsibambi naye alikuwa na kiu ileile. Wakaketi siku mbili wakifungua Biblia na kufuatilia kila mahali panapomtaja Roho Mtakatifu. Hakuna askofu aliyewatuma wala kamati iliyopitisha azimio. Mmisionari hakumfundisha Mwafrika, wala Mwafrika hakumwomba mmisionari ruhusa. Watu wengi wa Uamsho wa Afrika Mashariki huhesabu mwanzo wake kutoka siku zile mbili.

Uamsho huo ulikuwa na utaratibu wake, ingawa haukuandikwa popote. Msimamizi wa wahudumu pale Gahini, Yosiya Kinuka wa Ankole, hakupatana na daktari wake. Alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, na Nsibambi akamuuliza kwa nini hospitali ile ina hali mbaya. Kinuka akaanza kuhesabu makosa ya wengine. Nsibambi akamrudishia swali: na moyo wako wewe? Kinuka aliondoka na jambo hilo kifuani, na njia nzima ya kurudi Rwanda halikumpa nafasi ya kupumua. Alipofika Gahini alikuwa mtu mwingine, na yeye na Church wakawa wenzi katika kazi kwa miaka mingi.

Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akataja dhambi yake kwa jina, akarudisha alichoiba, akaomba radhi kwa aliyemkosea. Watu walirudisha shuka za hospitali, vijiko vya mwajiri, fedha za kodi. Kisha ndugu waliimba pambio la Tukutendereza, wakamkumbatia. Jambo lililowashtua wengi katika siku zile za ukoloni ni kwamba wamisionari nao walisimama wakaungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika waliokuwa watumishi wao. Mpishi na daktari walipiga magoti kwenye udongo uleule.

Ungetarajia kanisa lifurahi. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa shemasi na mwalimu Gahini. Januari 1936 alikwenda Kampala akiwa na maswali ya kuuliza mbele ya sinodi: kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanakaribishwa Meza ya Bwana. Hakuwahi kuyauliza. Homa ya papasi ilimuua tarehe 25 mwezi huohuo. Maswali yake yalifika sinodini bila yeye, na neno alilokuwa akilihubiri, zukuka, yaani amka, likaenea kuliko kama angeishi.

Miaka mitano baadaye mambo yakafika ukingoni. Katika chuo cha teolojia cha Bishop Tucker pale Mukono, mwaka 1941, kundi la wanafunzi walokole lilikuwa likiamka saa kumi alfajiri kuomba pamoja na kushuhudia. Walikemea wizi na uzinzi waliouona chuoni, na walikemea mafundisho ambayo kwa maoni yao yaliupunguzia nguvu msalaba. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, akatoa amri ya kuwazuia. Wao wakasema dhamiri haiwaruhusu kutii. Wakafukuzwa watu 26, mmoja wao akiwa William Nagenda.

Nimejaribu kujiweka mahali pa mkuu yule wa chuo. Chuo hakiendeshwi ikiwa kila mwenye moyo uliowaka anaweza kuwaamsha wenzake usiku na kuwaambia makosa yao. Sheria ya saa ya kulala haikutungwa na shetani. Lakini nikijiweka mahali pa wale vijana, nasikia swali la Kigozi: mtu akinyamaza mbele ya uovu anaouona, atasimamaje madhabahuni? Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lililokosekana ni mahali pa mkuu na mwanafunzi kuketi pamoja, kila mmoja akiwa tayari kuambiwa kosa lake.

Hapo ndipo binamu yangu angesema: si unaona? Wangeondoka tu. Na wengi walidhani wataondoka. Afrika Mashariki ilikuwa na makanisa huru tayari, na njia ya kujitenga ilijulikana. Walokole wa Mukono hawakujitenga. Nagenda hakupewa upadre maisha yake yote, lakini alihubiri Uganda, Kenya, Tanganyika na hata ng'ambo, na bado alibaki muumini wa kanisa lilelile lililomfukuza chuoni. Jumapili waliketi kwenye mabenchi pamoja na watu waliowaona kuwa wamelala, wakapokea mkate na divai kutoka mikononi mwa makasisi waliowakemea Jumamosi. Mwaka 1966 Erica Sabiti, mlokole, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Rwanda na Burundi. Upande wetu wa Ziwa Viktoria, Josiah Kibira wa Bukoba, naye mtu wa Uamsho, akawa askofu wa Kilutheri mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Kwa nini walibaki? Nafikiri ni kwa sababu walijifunza jambo ambalo msemo wa "mimi na Mungu wangu" unalificha. Mtu akiwa peke yake na Mungu wake, hana wa kumbishia. Mungu wake anaanza taratibu kufanana naye: anachukia anachokichukia, anasamehe anachojisamehe, hamuulizi habari za mshahara wa msichana wa kazi. Nuru waliyoisema ndugu ilihitaji uso wa mtu mwingine. Kila wiki kulikuwa na mtu wa kuuliza: ndugu, mbona hukutaja habari ya yule jirani? Imani yao ilikuwa ya moyoni kabisa, na kwa sababu hiyohiyo hawakuthubutu kuiachia mioyo yao peke yake.

Nguvu hiyo ilionekana Kenya miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau. Ndugu katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengi walikataa pia bunduki za serikali. Wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Sidhani mtu aliyezoea kuomba chumbani peke yake, asiye na ndugu wa kumshika mkono, angeweza kusimama katikati namna ile.

Ningetamani kuishia hapo, lakini nisingekuwa nimesema kweli yote. Udugu ule, uliozaliwa bila muhuri wala joho, nao ukawa mamlaka. Ilifika mahali ukiwa mlokole huoi bila ndugu kukubali. Kulikuwa na namna ya kuvaa, ya kutoa ushuhuda, ya kuimba. Aliyeungama kwa maneno yake mwenyewe aliambiwa bado hajavunjika. Katika Nyanza, Kenya, mvutano kati ya watu wa damu, Joremo, na watu wa upendo, Johera, ulifika mahali ambapo mwaka 1957 Johera walitoka katika kanisa la Anglikana, wakaanzisha kanisa lao chini ya Matthew Ajuoga. Uganda, kuanzia miaka ya 1970, waliojiita Bazuukufu, walioamshwa upya, waliwaona hata walokole wenzao kuwa wamelala tena, wakaweka masharti mapya, likiwemo la kutokuwa na madeni. Fikiria mkulima wa kahawa aliyechukua mkopo wa kusomesha mtoto, anaingia kwenye ushirika na macho yote yanamgeukia. Daftari la mzee wa kanisa limerudi, ila safari hii limeandikwa vichwani mwa watu.

Basi mamlaka hayakwepeki. Ukiyafukuza mlangoni yanaingia dirishani, na yanayoingia dirishani huwa hatari zaidi kwa sababu hakuna aliyeyaona yakiingia. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini ambao, kwa maelezo ya waendesha mashtaka, waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na watoto walikuwa wengi. Wale watu hawakuwa chini ya sinodi wala askofu. Walikuwa na mhubiri mmoja ambaye juu yake hapakuwa na mtu wa kumwambia: ndugu, umekosea.

Kwa hiyo swali ninalomuuliza binamu yangu limebadilika. Simuulizi tena kama anahitaji kanisa. Namuuliza: ni nani, katika kanisa unalolikimbia, aliyewahi kusimama mbele yako akatubu? Na wewe, nani anaweza kukuambia utubu? Mamlaka ya kiroho nayapima kwa kipimo hicho. Anayewaungamisha wengine bila yeye kuwa na mahali pa kuungama ni hatari, awe amevaa kofia ya kiaskofu au amevaa fulana.

Pima kwa kipimo hicho habari ya Rwanda, ninayoiandika kwa uchungu, kwa sababu ni nchi ya Gahini. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walikimbilia makanisani wakiamini hawataguswa pale, kama walivyookoka kwenye machafuko ya miaka ya nyuma. Wakauawa humohumo. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyoketi kwetu Arusha ilimhukumu Athanase Seromba, padre wa Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa tingatinga likiwa na watu takriban 1,500 ndani. Rufaa ilimpa kifungo cha maisha mwaka 2008. Ilimhukumu pia Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji Msabato wa Kibuye, miaka 10. Kanisa la Anglikana lililokuzwa na Uamsho halikuwa salama: baadhi ya viongozi wake wa juu walijulikana kwa ukaribu wao na serikali iliyoandaa mauaji. Wapo walokole waliowaficha majirani zao na kufa pamoja nao. Lakini swali linabaki. Ilikuwaje watu waliofundishwa kuungama kijiko walichoiba wasifundishwe kuungama chuki iliyoandikwa kwenye vitambulisho vya kabila tangu enzi ya Wabelgiji? Nadhani Uamsho ulitazama dhambi kwa karibu mno. Uliiona kwenye mkono wa mtu mmoja mmoja, haukuiona kwenye mpangilio mzima wa nchi.

Na kanisa kubwa nalo lilijificha nyuma ya udogo huohuo. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kubeba lawama kwa ajili ya waumini wake waliokwenda kinyume na sheria ya Injili. Waliotenda dhambi ndio watakaojibu. Soma tena hoja hiyo taratibu. Siku ya bahasha, wewe ni wa kanisa. Siku ya damu, wewe ni wewe mwenyewe. Taasisi inachukua imani binafsi, ileile ambayo siku zote inaionya isijitenge, na kuifanya ngao. Ilichukua miaka 20 kabla maaskofu Wakatoliki wa Rwanda, Novemba 2016, kuomba radhi kwa tamko lililosomwa makanisani, na serikali ya Rwanda ikasema halikutosha. Machi 2017 Papa Fransisko, mbele ya Rais Kagame, alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Maneno hayo mawili, Kanisa na watu wake, yalichelewa sana, lakini kwangu yana uzito kuliko nyaraka nyingi. Ni Kinuka akiulizwa: na moyo wako wewe?

Nimemfikiria mara nyingi yule mzee wa daftari. Fedha za bahasha ndizo zilizoezeka paa la kanisa ambamo shangazi aliwabatizisha watoto wake. Ndizo zinazomlipa mwinjilisti, na zilichangia zahanati ambako alipata dawa za mwisho. Bila mtu wa kushika daftari hakuna kitu hata kimoja kati ya hivyo. Namheshimu kwa kazi hiyo ngumu isiyo na malipo. Lakini hakuwa na mtu wa kumuuliza: mzee, miaka miwili uliona mstari ule mtupu, ulikwenda kumwona? Daftari hilohilo lingeweza kumpeleka kitandani kwa mgonjwa. Alilitumia siku ya kaburi tu.

Kuna wakati utaratibu, muhuri na cheo vinafanya jambo ambalo moyo wa mtu mmoja haufikii. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948, akiwa mwalimu kijana katika nchi ya Waacholi, kwa njia ya ndugu wa Uamsho. Mwaka 1974 akawa askofu mkuu. Usiku wa kuamkia 5 Februari 1977 askari wa Idi Amin waliingia nyumbani kwake kupekua silaha, hawakuzikuta. Angeweza kuomba chumbani na kunyamaza. Siku chache baadaye maaskofu wa kanisa lake walimwandikia Amin barua, wakatia saini zao, wakasema kwamba ikiwa bunduki imeingia nyumbani kwa askofu, basi kila muumini anaelekezewa bunduki hiyohiyo. Barua ile haikuwa sauti ya mtu na Mungu wake tu. Ilikuwa na majina, dayosisi, na umati wa watu nyuma yake. Tarehe 16 Luwum aliitwa Kampala pamoja na maaskofu wenzake. Wenzake waliruhusiwa kuondoka. Kesho yake ilitangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Hakuna aliyeamini.

Namirembe walikuwa wamemchimbia kaburi karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwili haukuletwa, wanajeshi waliupeleka Mucwini, kijijini kwake kaskazini, ukazikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 watu walipanda kilima kilekile ambako Nsibambi alisimama na pikipiki yake, ingawa serikali ilikwisha kukataza ibada ya kumkumbuka. Baada ya ibada hawakwenda nyumbani. Walilizunguka lile shimo tupu, maaskofu na wauza ndizi, walokole na wasio walokole. Erica Sabiti, askofu mkuu mstaafu, mzee wa Uamsho, akasogea ukingoni na kuwakumbusha yale ambayo wanawake waliambiwa kaburini asubuhi ya Pasaka. Kisha wakaimba.